Kesho Saa Mbili

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno manane: "Jamani, tukutane kesho saa mbili maktabani. Tafadhali msichelewe." Niliutuma kwa wenzangu wa kikundi saa sita na dakika 40 usiku, nikasukuma simu chini ya mto, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Tulikuwa watano. Alhamisi saa nne asubuhi tulitakiwa kusimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi ambayo bado hatukuwa tumeiunganisha. Kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Kwa kuwa sikuwa nimelala, kichwani mwangu ilikuwa bado Jumanne. Kesho yangu ilikuwa Jumatano, na saa mbili yangu ilikuwa ya usiku, maana mchana kutwa tulikuwa na vipindi. Mwenzetu mmoja alikuwa macho kama mimi, akausoma palepale. Kwenye Jumatano tulielewana, ila yeye aliamini ni asubuhi, na saa mbili kamili alikuwa mlangoni mwa maktaba, akasubiri mpaka kipindi cha kwanza kikampita. Wawili waliusoma walipoamka. Kwao Jumatano ilikuwa imeshaingia, kwa hiyo kesho ikawa Alhamisi. Wa nne aliandika, "Saa mbili ipi?" Swali lake likafunikwa na salamu na picha za watu, wala sikuliona. Jumatano usiku nilikaa maktabani peke yangu hadi saa nne, nimefura, napanga hotuba ya kuwakemea watu wasiojali masomo.

Alhamisi asubuhi wale wawili walifika barabara, wamechangamka, madaftari mkononi, wanashangaa sisi wengine tuna nini. Tukawasilisha tulivyowasilisha. Tusiende huko.

Alama zilinikera, lakini lililonikera zaidi ni kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya uandishi katika kikundi, kwa kuwa ilijulikana darasa zima kwamba najua kuandika. Na ukiutazama ujumbe ule, huoni kosa. Tahajia safi, nukta na mkato viko mahali pake, hata neno tafadhali lipo. Bado watu watano, mimi nikiwemo, tukapata humo mikutano mitatu na swali moja. Na hapo sijagusa hesabu ya zamani ambayo siku huanza jua linapozama. Ningeandika "usiku wa Jumatano" labda angetokea mtu wa kufika Jumanne jioni, na angekuwa na haki yake.

Sifa ya kujua kuandika niliitoa sekondari. Nilikuwa bingwa wa insha. Nilikuwa na akiba ya vifunguzi nilivyovihifadhi kama mtu anavyohifadhi misumari kwenye kopo: Ama kwa hakika. Wahenga hawakukosea waliponena. Ni dhahiri shahiri. Hakuna asiyejua kwamba. Insha ikitakiwa iwe na maneno 400, mimi natumia 90 kufungua mlango tu, na mengine 60 kuufunga. Katikati nazunguka. Walimu walinipa alama nzuri, nami sikuwa na sababu ya kujiuliza kama kuna mtu aliyewahi kujua jambo jipya kwa kunisoma.

Insha yangu ya kwanza chuoni ilirudi na penseli pembeni. Neno "Nani?" lilikuwa limeandikwa mara sita, kila mahali nilipoweka "imeonekana", "inaaminika" au "inasemekana". "Kwa hiyo?" lilikuwepo mara mbili. Mwishoni, pale nilipozoea kukuta sifa, mwalimu aliandika: "Njoo unione."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ndogo, hana haraka. Akanikalisha, akafungua ukurasa wa pili, akanisomea sentensi yangu mwenyewe. Nainakili kama ilivyokuwa, kwa sababu niliiweka karatasi ile:

"Ikumbukwe kwamba suala zima la usomaji wa vitabu ni suala ambalo limekuwa likipewa kipaumbele kidogo sana miongoni mwa wanafunzi walio wengi kutokana na sababu mbalimbali ambazo kwa namna moja au nyingine zimechangia kwa kiasi kikubwa katika kushuka kwa kiwango cha ufaulu."

Alipofika mwisho akavuta pumzi, kwa kweli si kwa maigizo. "Yaani?" akaniuliza.

"Yaani, mwalimu, wanafunzi wengi hawasomi vitabu, ndiyo maana wanafeli."

"Mbona hukuandika hivyo?"

Sikuwa na jibu. Akanipa penseli, akaniambia niandike pale chini nilivyosema. Nikaandika. Maneno 41 yakawa saba. Nikadhani somo limeisha, nikaanza hata kutabasamu. Yeye akaitazama sentensi ile mpya kwa muda, akasema, "Haya. Umejuaje?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nafanya miaka yote. Sikuwa nimejua kwa njia yoyote. Sikuwa nimemuuliza mtu, sikuwa nimesoma popote, nilikuwa nimeokota fikra iliyozoeleka nikaivisha joho. Ile "suala zima la", ile "kwa namna moja au nyingine", ile "kwa kiasi kikubwa" zilikuwa zinanifichia kwamba sina kitu. Msomaji akipita juu ya maneno 41 anachoka kabla ya kuuliza. Akikutana na maneno saba, anauliza mara moja.

Nilirudi darasani nikawauliza waliokaa safu yangu. Wengi walisema wanasoma, ila wanasoma sura ile tu iliyotajwa na mwalimu, tena usiku wa kuamkia mtihani. Hilo lilikuwa jambo dogo, lakini lilikuwa langu, na lilikuwa tofauti na nililoliandika. Insha ya pili nikaianza na hilo, bila wahenga. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na iliniumiza mara tatu zaidi kuiandika.

Tangu siku ile nikawa naziwinda kauli za namna hiyo. Jaribu nawe kuchukua kazi yako ya mwisho uzitafute "ikumbukwe", "ifahamike", "kama tunavyojua", "katika kuhakikisha kwamba". Zifute uone kama sentensi imepoteza chochote. Zangu hazikupoteza. Na zile za "imeonekana" ni mbaya zaidi, kwa sababu Kiswahili kimetupa kiambishi kile i- ambacho ni kichaka kizuri sana cha mtu kujificha: inadaiwa, imethibitika, inatarajiwa. Nani anadai? Amethibitisha nani? Wakati mwingine mtendaji hajulikani kweli, basi sawa. Mara nyingi mtendaji ni mimi, nami naogopa kusema.

Barua niliyomwandikia mwalimu mwingine wiki chache baadaye inaonyesha kwamba somo lilikuwa halijashuka vizuri. Nilikuwa nimeugua, tarehe ya kukusanya kazi imefika. Nikaandika barua pepe: "Habari mwalimu, samahani sana kwa usumbufu, mimi ni mwanafunzi wako, nilikuwa na shida kidogo naomba unisaidie, natanguliza shukrani." Kichwa cha barua nikakiacha wazi. Siku mbili kimya. Nikaanza kumlaumu kwa wenzangu kwamba hajali wagonjwa. Siku ya tatu akajibu: "Shida gani? Wewe ni nani, wa somo lipi?"

Nikaiandika upya:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, kundi la asubuhi. Naomba kukusanya insha ya pili Ijumaa badala ya Jumatano. Niliugua kuanzia Jumamosi. Cheti cha daktari nimekiambatisha. Nimeshaandika kurasa tatu kati ya tano." Chini nikaweka jina langu kamili na namba ya usajili.

Jibu lilikuja baada ya dakika 10. Neno moja: "Sawa."

Ile ya kwanza niliona ina adabu zaidi, kwa sababu ilijaa samahani na shukrani. Sasa naona ilikuwa inamtwisha mtu mzigo: abuni mwenyewe mimi ni nani, abuni ninataka nini, kisha unihurumie. Shikamoo moja ilitosha, halafu haja.

Kuna watu wanaosema ujumbe wa simu ndio uliotuharibia uandishi, kwamba anayeandika "xaxa", "cjui" na "2naenda" hawezi tena kuandika aya. Siamini. Mimi na wenzangu wote tuliandika hivyo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuweka "cjui" kwenye mtihani. Tunajua kuvua viatu mlangoni. Isitoshe, ukihesabu maneno anayoandika mwanafunzi kwa wiki, mengi yako kwenye simu. Nikiwa mzembe huko, kwenye insha nitaamka vipi ghafla? Kwa hiyo mazoezi yangu ya kwanza ya makusudi niliyafanya kwenye ujumbe. Kabla ya kutuma chochote kinachomtaka mtu afanye jambo, nilijilazimisha kukisoma kama mtu aliyetoka usingizini, ambaye hajui nilichokuwa nafikiri. Inachukua nusu dakika. Mwanzoni nilijisikia mjinga, kama mzee anayevaa miwani ili asome jina lake.

Lakini kuna kikomo cha kujisoma mwenyewe. Macho yako yanajua ulichotaka kusema, kwa hiyo yanakisoma hata kama hakipo. Aliyenifungua hapo ni yule mwenzangu aliyesubiri mlangoni mwa maktaba asubuhi ile. Tulikuwa tumeshapatana. Tukakubaliana kwamba kila mmoja atamsomea mwenzake rasimu yake kwa sauti, na mwenye rasimu haruhusiwi kusema neno.

Hakuna kitu kigumu kama kunyamaza hapo. Alisoma aya yangu ya kwanza vizuri. Ya pili akajikwaa katikati, akarudi nyuma, akasoma tena kwa mkazo mwingine, akajikwaa palepale. Nikashindwa kuvumilia: "Hapo nilimaanisha kwamba..."

"Sikuulizi ulichomaanisha," akasema bila kuinua macho. "Nakusomea ulichoandika."

Nikafunga mdomo. Alipomaliza, sikuwa na haja ya maoni yake. Kila aliposita nilikuwa nimeweka alama kwenye nakala yangu, na kila alama ilikuwa na ugonjwa wake: sentensi iliyobeba "ambapo" tatu, neno "hii" lisilojulikana linaonyesha nini, "yeye" katika aya yenye watu wawili. Hilo la "yeye" tulihangaika nalo sana. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kiambishi. "Alimwambia kwamba amekosea" inaweza kumaanisha kosa ni la msemaji, la msikilizaji, au la mtu wa tatu ambaye hayupo. Tukiongea, mkono na jicho vinasaidia. Kwenye karatasi, mara nyingine huna budi kurudia jina, hata kama masikio yanaona unarudia.

Kuhusu "ambapo" nina kesi ndefu. Kwa haki yake ni neno la mahali na wakati: nyumba ambapo tulikaa, siku ambapo tulikutana. Mimi niliifanya gundi. "Mkutano ulifanyika jana ambapo mwenyekiti alisema ambapo wanachama walikubali." Nimeisikia kwenye taarifa za habari, nikaibeba nzima nzima. Dawa yake niliyoipata ni nukta. Kila "ambapo" ya gundi ukiiondoa ukaweka nukta, sentensi inasimama kwa miguu yake, na mara nyingi unagundua kwamba kati ya mambo mawili uliyoyagandisha hapakuwa na uhusiano wowote.

Miezi hiyohiyo nilisoma habari za Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1706. Anajulikana kwa umeme na siasa, lakini alianza kama mwanagenzi wa kaka yake katika kazi ya uchapaji, akiwa na miaka 12. Katika simulizi ya maisha yake anaeleza kwamba alikuwa akibishana na rafiki yake kwa barua, na baba yake akaziona karatasi zile. Baba hakuingilia mabishano yenyewe. Alimwonyesha tu kwamba kwa tahajia na alama za uandishi anamshinda mwenzake, faida aliyoipata kwenye uchapaji, ila kwa ufasaha, mpangilio na uwazi ameachwa mbali. Nilicheka peke yangu. Kijana mwenye tahajia safi asiyeeleweka: huyo namjua.

Alichofanya Franklin baada ya hapo ndicho nilichokiiga. Alipata juzuu la The Spectator, jarida la London lililoanza mwaka 1711, akapenda lilivyoandikwa. Akachagua makala, akaandika dondoo fupi ya kila sentensi, akaziweka kando siku chache. Kisha, bila kutazama, akajaribu kuiandika makala upya kwa maneno yake kutokana na dondoo zile, akailinganisha na ya asili, akajisahihisha. Wakati mwingine alizichanganya dondoo makusudi ili baada ya wiki kadhaa ajizoeze kuzipanga upya. Alipoona maneno hayamtoshi, aligeuza hadithi kuwa mashairi, kisha akayarudisha kuwa nathari. Haya yote usiku baada ya kazi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili.

Mashairi nilimwachia mwenyewe. Mengine niliyajaribu kwa miezi miwili hivi, kwa makala fupi za Kiswahili za ukurasa mmoja. Jioni naandika dondoo, maneno matatu manne kwa kila sentensi. Siku tatu nasahau. Siku ya nne naandika.

Mara ya kwanza toleo langu lilizidi la asili kwa karibu nusu, ingawa hoja zilikuwa zilezile. Nikayaweka mawili sambamba mezani nikaanza kutafuta mafuta yameingilia wapi. Yaliingilia kwenye vitenzi. Mimi niliandika mtu "alitembea kwa shida sana". Mwandishi wa makala aliandika kujikongoja. Mimi, "alimuuliza maswali kidogo kidogo kwa ujanja", yeye, kudodosa. Mimi, "alisema kwa sauti ya juu akiwa na hasira", yeye, kufoka. Kila mahali nilichukua kitenzi chepesi nikakifungia mkia wa "kwa" hiki na "kwa" kile. Na aibu yenyewe ni kwamba maneno yale yote nilikuwa nayo tangu utotoni. Ungeniuliza kujikongoja ni nini ningekuonyesha kwa miguu. Yalikuwa mdomoni, hayajafika kalamuni, kwa sababu kwa namna fulani shule ilinifundisha kuamini kwamba neno la nyumbani halifai kwenye karatasi.

Nikatenga kurasa za nyuma za daftari moja kwa vitenzi tu. Hakuna nomino wala misemo. Kila nilipokutana na kitenzi ambacho ningekieleza kwa maneno matatu, nilikiandika: kunyatia, kudokeza, kuchechemea, kusitasita, kung'ang'ania, kubwabwaja. Sikuwa nikivihifadhi kwa moyo. Kule kuviandika tu kulitosha kuvifanya vije vyenyewe siku ya haja. Zoezi la dondoo niliacha baada ya muda, uvivu hasa, lakini daftari la vitenzi ninalo hadi leo.

Upande wa pili wa daftari hilohilo niliweka makosa. Kila kosa nililosahihishiwa nililinakili na tarehe. Nilitarajia orodha ndefu ya kunikatisha tamaa. Baada ya muhula mmoja nikaona ni yaleyale matano, yanavaa nguo tofauti.

La kwanza: "wewe hauna". Mtu ni "huna". "Hauna" ni wa mti, mkono na mlango. Mti hauna majani, wewe huna kalamu. Vivyo hivyo huwezi na hauwezi. Nimelisema vibaya maisha yangu yote na bado likija kwa haraka linanishinda. La pili na la tatu ni mambo ya kuunganisha, "kwanini" na "kwasababu", ambayo hutenganishwa: kwa nini, kwa sababu. La nne lilikuwa "aidha". Nilikuwa naitumia kama "ama": "aidha aje leo au kesho". Kumbe maana yake ni zaidi ya hayo, vilevile, tena. Ukitaka kuchagua kati ya mawili, sema ama.

La tano ndilo lililonipa taabu, na ndilo lililowafanya wenzangu wacheke. Katika ripoti ya kikundi niliandika: "Orodha ya majina ya wanafunzi waliochaguliwa wamebandikwa ukutani." Mwenzetu akachora pembeni ukuta na vijana watatu wamegandishwa kwa gundi, miguu inaning'inia. Kilichobandikwa ni orodha, kwa hiyo imebandikwa. Lakini angalia safari iliyopo kati ya "orodha" na kitenzi chake: majina, wanafunzi, waliochaguliwa. Kitenzi kikifika kimechoka, kinamshika wa karibu. Sentensi fupi haziugui ugonjwa huu. Ndefu zote zina hatari yake, na njia yangu ni kuweka kidole kwenye kitenzi, kurudi nyuma, na kuuliza: nani hasa? Penseli ileile ya mwalimu, naona.

Kosa la sita ninalo lakini si langu, ni la simu, inayojisahihishia yenyewe na kugeuza "sana" kuwa "Santa". Nimewahi kumshukuru mtu "asante Santa". Kile kipengele nimekizima.

Kuna sehemu moja tu ambayo nasahihishwa nikiwa nanung'unika. Walimu wa sarufi wanatuambia "masaa" hakuna: saa moja, saa mbili, saa kumi, neno halibadiliki. Kwa ngeli zilivyo, wako sahihi. Lakini mtu akiniandikia "nitakupigia baada ya saa mbili", nijue ni muda mfupi kutoka sasa, au ni baada ya saa ya ukutani kufika mbili? Watu mitaani wamelitatua zamani: baada ya masaa mawili. Mimi, mtu mwenye kovu la saa mbili, siwezi kuwacheka. Kwenye mtihani naandika "muda wa saa mbili", alama zangu zinabaki salama, na msomaji hapotei.

Kuhusu daftari la vipindi nitasema kwa kifupi, kwa sababu sikulimudu vizuri kamwe. Nilikuwa mtu wa kunakili kila linalotoka mdomoni mwa mwalimu, kisha wiki mbili baadaye nakuta "mf. ile ya pili" na "MUHIMU SANA!!" iliyopigiwa mistari miwili, pembeni yake hakuna kitu. Muhimu nini? Mwanafunzi wa siku ya mtihani ni mtu mwingine kabisa, na nilikuwa namwandikia vibaya kuliko nilivyowaandikia wenzangu wa kikundi. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alianza katika miaka ya 1950 kufundisha wanafunzi kugawa ukurasa: safu pana ya maelezo kulia, safu nyembamba ya maswali na maneno makuu kushoto, na chini nafasi ya muhtasari. Nilijaribu yote, nikabaki na ile ya chini. Sentensi mbili au tatu, jioni ileile, za kueleza kipindi kilihusu nini kwa mtu ambaye hakuja. Siku nilizoshindwa kuziandika nilijua sikuelewa, na nilijua mapema kuliko zamani.

Muhula wa mwisho wa mwaka tulipewa tena kazi ya kikundi, watu walewale watano. Nikajitolea kuitisha mkutano. Wakacheka, nikawaambia subirini. Safari hii niliandika mchana, nikausoma kwa sauti chumbani, nikaongeza, nikapunguza: "Jamani, tukutane Jumatano hii tarehe 14, saa mbili usiku (si asubuhi), maktabani. Kila mmoja aje na sehemu yake ikiwa imeandikwa. Tutamaliza saa nne usiku. Tafadhali kila mtu ajibu 'nimeona'."

Wanne wote wakajibu. Jumatano saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa mezani ghorofa ya chini, karibu na mlango. Akaja mmoja. Saa mbili, bado watatu. Saa mbili na robo, bado watatu. Zamu hii sikuandaa hotuba. Nilitoa simu nikausoma ujumbe wangu upya, polepole, kama mtu aliyetoka usingizini. Kisha nikapanda ngazi. Juu, kwenye meza ya dirishani, walikuwa wawili na yule rafiki yangu wa rasimu, wametandaza karatasi, wameshaanza. Aliponiona akainua simu yake, akasoma kwa sauti ndogo ya maktabani: "Maktabani." Akanyamaza, akiningoja.

"Nilimaanisha chini," nikasema.